Shingo ya Mbebaji: Maswali Kuhusu Pingili Zilizochakaa na Mazoezi Yanayosaidia

Juni ikifika, mikorosho ya Tandahimba, Newala na Nanyamba hupulizwa salfa kukinga ugonjwa wa ubwiriunga. Mpulizaji hubeba mashine ya injini mgongoni, hutembea chini ya miti kabla upepo haujaanza, na muda wote kichwa amekiinua akitazama matawi. Kwenye mabonde ya mpunga kando ya Ruvuma ni kinyume chake, shingo huinama kutwa. Maji ya bamvua yakitoka Msimbati na Msangamkuu, akina mama hushuka mwambani kutafuta pweza, wakainama saa nzima, kisha wakarudi na ndoo kichwani. Mchonga vinyago huketi chini na gogo la mpingo mapajani, kidevu kikigusa kifua. Mbanguaji wa korosho hali kadhalika. Kazi hizi hazifanani, lakini malalamiko yanayopelekwa zahanati jioni yanafanana: shingo imekaza, haigeuki, inachoma hadi begani.

Mara nyingi jibu wanalopewa ni dawa ya maumivu na neno "pumzika". Dawa ina nafasi yake. Kupumzika kwa wiki nzima kitandani, hapana. Shingo iliyochakaa inahitaji kusogezwa polepole, kila siku, na mwenye shingo mwenyewe. Mazoezi hayo ni ya bure na yanafanyika nyumbani, lakini kabla ya kuyaeleza ni lazima niseme ni nani asiyaanze.

Nani asianze mazoezi kabla ya kuonwa na daktari?

Aliyeanguka kutoka mnazini au mwembeni, na aliyepata ajali ya bodaboda. Akilalamika shingo, ichukulieni kuwa imevunjika mpaka hospitali iseme vinginevyo. Msimwinue kwa kumvuta mikono, wala msimkalishe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Mtu mmoja akishike kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, wengine wamhamishie juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kanga mbili zilizoviringishwa zikae huku na huku ya kichwa, kisha aende hospitali akiwa hivyohivyo amelala. Nasisitiza kwa sababu mtu huweza kuanguka akiwa anachezesha vidole vya miguu vizuri, akapooza akiwa njiani kwa namna alivyobebwa.

Mwenye homa kali, kichwa kinauma, na shingo imekuwa ngumu kiasi kwamba kidevu hakifiki kifuani. Hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Aende saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mwenye maumivu ya wiki nyingi yanayoambatana na homa za jioni, kutoka jasho usiku na kukonda. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu, huingia pia kwenye pingili na kuzila. Matibabu yake hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kikiwahiwa kinapona. Aliyewahi kutibiwa saratani, ya matiti au ya tezi dume kwa mfano, naye asijitibu shingo mwenyewe.

Halafu kuna hatari inayokuja kimyakimya. Ndani ya pingili hupita ugwe, yaani neva kuu inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Ugwe ukibanwa, maumivu yanaweza kuwa madogo tu, lakini mikono inapoteza ustadi: vifungo vya shati vinakataa kufunga, uzi hauingii kwenye sindano, noti zinaponyoka wakati wa kuhesabu. Miguu inakuwa mizito, mtu anayumba kwenye mchanga aliozoea kuutembea tangu utoto. Mkojo unachelewa kutoka au unatoka bila taarifa. Wengine wakiinamisha kichwa husikia kitu kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni. Jipime: nyoosha mkono, funga na ufungue ngumi upesi kadiri uwezavyo kwa sekunde 10. Kwa kawaida mtu mzima hufikisha mara 20 au zaidi. Usipofika, au ukiona hata dalili moja kati ya hizo nilizotaja, nenda hospitali. Ugwe uliobanwa kwa muda mrefu huenda usirudi katika hali yake hata baada ya upasuaji.

Watu wazima wengi wenye shingo inayouma hawamo katika makundi haya. Yafuatayo ni yao.

"Pingili zimechakaa" maana yake nini?

Shingo ina pingili 7, na zinabeba kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi. Isipokuwa kati ya zile mbili za juu kabisa, pingili na pingili hutenganishwa na kipande laini kiitwacho diski, chenye maji mengi ndani. Kadiri umri unavyosogea diski hupungukiwa maji, husinyaa, na pingili zikakaribiana. Mwili hujibu kwa kuotesha vijifupa pembeni mwa pingili. Wakati mwingine diski au kijifupa hugusa neva inayotokea pale kwenda mkononi. Hapo ndipo mtu husikia moto au ganzi ikishuka mpaka vidoleni.

Pingili hazisimami peke yake. Misuli ya shingo na ya juu ya mgongo inazishika kila upande, kama kamba zinavyoushika mlingoti wa jahazi. Kamba za upande mmoja zikilegea na za upande mwingine zikikaza kupita kiasi, mlingoti unaelemewa hata kama mti wenyewe ni mzima. Diski iliyosinyaa hatuwezi kuirudishia maji yake. Kamba tunaweza kuzirekebisha, na kazi yote ya mazoezi ni hiyo.

Eksirei imeonyesha shingo yangu imeharibika. Je, ndiyo basi?

Sivyo. Mwaka 2015 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya kipimo cha MRI kwa watu 1,211 wasiokuwa na dalili zozote za ugonjwa wa shingo. Karibu 9 katika kila 10 walikutwa na diski zilizotokeza, wakiwemo wengi wenye umri wa miaka ya ishirini. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa "pingili zimechakaa" haikuambii utaumwa kiasi gani wala kwa muda gani. Wengi wanaobeba picha hizo kwa huzuni kutoka hospitali moja hadi nyingine wangefaidika zaidi kama mtu angewaonyesha namna ya kukaa na kusogeza shingo.

Ni ndoo za maji ndizo zilizoniharibu?

Kwa sehemu, inawezekana. Uwanda wa juu wa Makonde una shida ya maji tangu enzi za mababu, na wanawake waliyafuata mabondeni wakapanda nayo kichwani. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Sierra Leone uliolinganisha picha za shingo za wabebaji wa mizigo kichwani na za wasiobeba, na pingili za wabebaji zilionekana zimechakaa zaidi. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2002 uliwaangalia wabebaji kuni wa Kongo, kwa wasiwasi huohuo.

Kuna utafiti wa Kenya unaotajwa mara nyingi kuwa ushahidi wa kinyume. Mwaka 1986 jarida la Nature lilieleza kwamba wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa ukanda wa paji la uso, waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Ni ustadi wa kuheshimiwa. Lakini kilichopimwa pale ni pumzi, si mifupa. Tena asilimia 20 ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12. Ndoo yetu ni theluthi nzima ya uzito wake.

Simwambii mama yeyote aache kuchota maji. Nyumba haiendi bila maji. Nasema gawanya mzigo. Ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni nafuu kwa shingo. Baiskeli, toroli au mkokoteni ni nafuu zaidi, na wanaume na vijana wa nyumbani wana mikono ya kuusukuma. Lazima ubebe kichwani? Weka ngata nene na iliyokaa sawa, usiijaze ndoo hadi mdomoni, na usimamishe kichwa kabla ya kutwishwa. Wakati wa kutwishwa na wa kutua ndipo shingo inapopata mshtuko mkubwa, kwa hiyo muwe wawili. Mtoto wa miaka kumi asibebeshwe ndoo ya mama yake. Na mwenye mkono unaokufa ganzi asibebe kitu kichwani kabisa mpaka apone.

Nifanye mazoezi gani, na namna gani?

Keti kwenye kiti au stuli ngumu, nyayo zote mbili zikanyage chini, mgongo usimame, mabega uyaachie. Kama shingo imekaza sana, anza kwa kuifunika na kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hivi. Moto uwe wa kustahimilika. Sehemu yenye ganzi huungua bila mwenyewe kusikia.

La kwanza, na la maana kuliko yote, ni kurudisha kidevu nyuma. Tazama mbele. Weka ncha ya kidole kwenye kidevu, kisha rudisha kidevu nyuma kiachane na kidole, macho yakibaki usawa uleule. Usiinamishe uso wala kuuinua. Utasikia mvuto chini ya kisogo. Kaa hapo sekunde 5, achia, rudia mara 10. Wengi hukosea hapa kwa kukunja shingo kuelekea kifuani. Ukiwa na shaka, fanya umesimama ukiegemea ukuta na ujaribu kukigusisha kisogo ukutani bila pua kwenda juu.

Zoezi hili linawafaa wengi wa wafanyakazi niliowataja mwanzoni, na wengine pia. Mchonga vinyago, mbanguaji, dereva wa bodaboda na kijana aliyezama kwenye simu wote wana kosa moja: kichwa kimetangulia mbele ya mabega. Kadiri kinavyotangulia, ndivyo misuli ya nyuma inavyolazimika kukivuta kutwa kisianguke.

La pili ni kugeuza. Geuza uso kulia polepole hadi panapokaza, bila kulazimisha, kaa sekunde 5, rudi katikati, kisha kushoto. Mara 5 kila upande. Kwa Mwislamu mwendo huu si mgeni, kwani kila swala humalizika kwa salamu ya kulia na kushoto. Wengi wa wakazi wa pwani yetu wanaswali mara tano kwa siku, na nashauri mazoezi yafungwe kwenye ratiba hiyo: baada ya swala ya alfajiri na baada ya isha, kabla hujaondoka kwenye mkeka. Ambaye kusujudu kunamchoma shingo ana ruhusa ya kusujudu kwa ishara hadi apate nafuu.

La tatu, sikio kuelekea begani. Shika ukingo wa stuli kwa mkono wa kushoto ili bega hilo lisipande, kisha laza kichwa upande wa kulia. Usikivute kwa mkono. Kaa sekunde 20, rudia mara 3, badilisha upande.

La nne, kubana mabega. Vuta mabega nyuma na chini mpaka mifupa bapa ya mgongoni ikaribiane, shikilia sekunde 5, achia. Mara 10. Mpulizaji wa salfa alifanye kila anapotua mashine kujaza unga, na asitazame juu mfululizo. Arudi nyuma hatua chache aone kilele cha mti kwa mbali badala ya kusimama chini yake na kuvunja shingo kukitafuta.

Baada ya wiki moja au mbili, maumivu yakiwa yamepungua, ongeza mazoezi ya nguvu. Weka kiganja kwenye paji la uso. Kichwa kisukume kiganja, kiganja kizuie, wala pasiwe na kinachosogea. Tumia nguvu kidogo tu, sekunde 5, mara 5. Kisha kiganja kiende kulia, kushoto na kisogoni. Usizuie pumzi, hasa ukiwa na shinikizo la damu. Kuhesabu kwa sauti kunasaidia. Lingine: lala chali mkekani, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya kichwa, na utikise kichwa kidogo sana kama anayekubali "ndiyo", bila kukiinua. Shikilia sekunde 10, rudia hadi mara 10. Linaonekana dogo mno, lakini linaamsha misuli ya ndani ya mbele ya shingo, ambayo kwa mtu mwenye maumivu ya muda mrefu huwa imelala.

Fanya mara 2 kwa siku, na uyape wiki 6 kabla ya kusema hayafai. Mvuto na uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu yakichoma, yakishuka mbali zaidi mkononi, au kizunguzungu kikikujia, acha. Ukiamka kesho shingo imezidi kuuma, punguza hesabu nusu, usiache kabisa. Na utembee: nusu saa ufukweni au barabarani jioni, mikono ikiyumba, ni sehemu ya tiba.

Kuzungusha kichwa duara zima kama tulivyofundishwa shuleni, kusimama kwa kichwa, na kujivuta shingo kwa kamba iliyofungwa darini: haya yaacheni. Mzee akirusha kichwa nyuma anaweza kuanguka kwa kizunguzungu, na kamba ya darini ni hatari kwa yeyote.

Maumivu yanashuka mkononi. Bado nifanye?

Ndiyo, kwa upole, kama mkono haujapoteza nguvu. Vidole husema ni neva ipi imeguswa: ganzi ya kidole gumba na cha shahada hutoka kati ya pingili ya tano na ya sita, na ganzi ya kidole cha kati hutoka kati ya pingili ya sita na ya saba, nayo mara nyingi ndiyo inayosumbua. Wengine hugundua wenyewe kwamba wakiweka kiganja juu ya kichwa maumivu yanatulia. Ni kwa sababu mkao huo unalegeza neva, na inafaa kuutumia wakati wa kulala au kukaa. Habari njema ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa hadi miezi michache bila kisu. Lakini mkono ukidhoofika, kikombe kikidondoka, usisubiri.

Kinyozi wangu hunivunja shingo na nasikia raha. Kuna ubaya?

Upo. Ule mlio wa "kwah" si pingili inayorudi mahali pake. Ni hewa inayotoka kwenye maji ya kiungo. Raha yake ni ya muda mfupi. Ndani ya mifupa ya pingili za shingo hupita mishipa miwili mikubwa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, na kukizungusha kichwa kwa ghafla kunaweza kuuchana mmoja wake, mtu akapata kiharusi. Haitokei mara nyingi, lakini ikitokea madhara yake yanaweza kuwa ya kudumu. Anayeumwa shingo kwa sababu ya pingili hana sababu ya kulipia hatari hiyo juu ya bei ya kunyolewa. Mwambie akunyoe tu.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, kwa mikono ya taratibu na misuli tu, sina neno nako. Humlegeza mtu akaweza kufanya mazoezi. Kupigwa chuku na kuchanjwa hakuigusi diski, na wembe uliotumika kwa mwingine huleta maradhi makubwa kuliko shingo.

Na dawa?

Parasetamoli ya miligramu 500, mtu mzima asizidishe vidonge 8 kwa siku, na mwenye ini bovu au mlevi wa kila siku apunguze kwa ushauri wa daktari. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu vizuri zaidi kwa siku chache, lakini hutoboa tumbo lenye vidonda, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Mjamzito asizimeze bila kuambiwa na mtaalamu. Nasikitishwa na desturi ya kwenda dukani kuchomwa sindano ya diklofenaki kila Jumamosi ili Jumatatu mtu akabebe tena. Inanyamazisha shingo huku mzigo ukiendelea kuibomoa. Kola ya shingo nayo isizidi siku chache, maana misuli isiyofanya kazi hudhoofika.

Nilaleje?

Ubavu au chali, wala si kifudifudi, kwani ukilala hivyo shingo inabaki imegeuzwa upande mmoja usiku kucha. Mto ujaze nafasi kati ya bega na sikio, basi. Mto wa sufi ni mzuri kwa sababu unaweza kupunguza au kuongeza sufi mpaka ukufae. Mito miwili iliyopandana huisukuma shingo mbele.

Nikishindwa, niende wapi?

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, upate rufaa. Kwa wakazi wa Mtwara mjini, Mikindani na vijiji vya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, zipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula na Hospitali ya Rufaa Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Walio upande wa Masasi wana hospitali ya misheni ya Ndanda. Uliza moja kwa moja kuhusu fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Wagonjwa wengi huondoka na dawa tu kwa sababu hawakujua kuwa wanaweza kuuliza. Wanaohitaji upasuaji wa pingili, ambao ni wachache, hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Safari hiyo inazidi kilomita 500, kwa hiyo mwenye dalili za ugwe kubanwa aanze kushughulikia rufaa mapema, akiwa bado anatembea.

Siku ya kwenda, chukua picha zako zote za zamani na majina ya dawa ulizotumia. Andika maumivu yalianza lini, yanafika kidole kipi, na kazi unayofanya kila siku, ndoo ngapi, saa ngapi umeinama. Daktari asipokuuliza hayo, mwambie.